Kagua Baiskeli Pamoja na Mzigo Wake

Watu wengi hukagua baiskeli kwa kidole gumba. Wakibonyeza tairi wakaliona gumu, wakagonga kengele ikalia, wanapanda na kuondoka. Si vibaya, lakini ukaguzi huo unajibu swali moja tu, nalo ni kama baiskeli itakwenda. Swali la kama itasimama halijaguswa. Na lipo la tatu, ambalo hata mafundi hulisahau: itasimama ikiwa imebeba nini?

Vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na baiskeli mpya huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mkoba mgongoni. Baiskeli ya kwetu haina maisha hayo. Asubuhi inapeleka madumu manne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80 kabla hujamhesabu anayeendesha. Mchana inampeleka mgonjwa zahanati. Jioni inarudi na gunia la mkaa. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zilibeba abiria tangu miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijaichukua kazi hiyo. Shinyanga nako baiskeli za abiria zikaitwa daladala, kama mabasi. Burundi vijana huteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, na mikungu ya ndizi imerundikwa nyuma yao. Baiskeli ya namna hiyo haikaguliwi tupu. Kwa hiyo yote nitakayoyaeleza hapa yana sharti moja: pima kwanza baiskeli ikiwa haina kitu, kisha pima tena ikiwa imebeba kile itakachobeba siku hiyo.

Sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji spana. Macho, mikono na masikio vinatosha, na ukishaizoea haikuchukui zaidi ya dakika tano.

Breki kwanza

Mafundi wengi huanza na magurudumu. Mimi naanza na breki kwa makusudi. Baiskeli yenye pancha itakulazimisha ushuke. Isiyo na breki itakuacha uendelee mpaka ukutane na kitu.

Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu, kisha sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke hata kidogo, na la nyuma lianze kuinuka kutoka ardhini. Achia, bana ya nyuma, sukuma tena. Safari hii gurudumu la nyuma liburuzike. Wakati huohuo tazama mkono wa breki umefika wapi. Ukigusana na mpini wa usukani kabla breki haijashika, ama waya umelegea ama raba zimekwisha, na siku utakapobana kwa hofu hakutakuwa na nafasi iliyobaki ya kubana.

Raba za breki huwa na mifereji. Mifereji ikipotea, raba imekwisha hata kama bado inaonekana nene, kwa sababu chini yake kuna chuma, na chuma kikianza kugusa rimu kitaila. Hakikisha pia raba inagusa rimu yenyewe. Ikipanda juu kidogo itakwangua ubavu wa tairi hadi tyubu ichomoze. Ikishuka chini inaweza kuteleza ikaingia kwenye spoku. Waya nao uangalie pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Hapo ndipo nyuzi zake huanza kukatika, mmoja baada ya mwingine. Ukiona nyuzi mbili zimechomoza, usisubiri ya tatu.

Zile baiskeli nzito za kazi, za jamii ya Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana na Raleigh ya Nottingham, mara nyingi hazina waya. Breki zake ni za vyuma, na raba haibani rimu kutoka ubavuni: inavutwa juu na kugusa upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoku. Ni breki imara, fundi yeyote wa kijijini anaijua, na chuma chake hakikatiki ovyo. Udhaifu wake ni maji. Rimu ya chuma ikilowa huteleza, na baiskeli iliyokuwa inasimama kwa hatua chache inahitaji hatua nyingi zaidi. Wakati wa masika, kabla hujafika kwenye mteremko au njia panda, bana breki kidogokidogo ili raba ifute maji na tope kwenye rimu. Ukingoja mpaka uhitaji kusimama, umechelewa.

Wanunuzi wa mitumba wana jambo lao la kuangalia. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Japani na Uingereza, kwa kawaida mkono wa kulia ndio hubana breki ya mbele. Baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani na nchi nyingi za Ulaya mara nyingi huwa kinyume: kushoto ni mbele. Zote hizo hushushwa bandarini katika kontena moja na kupangwa pamoja sokoni. Kijana aliyezoea kubana kwa mkono wa kushoto ili kuzuia gurudumu la nyuma, akipanda ile nyingine, atazuia la mbele ghafla na kurushwa juu ya usukani. Baadhi ya mitumba haina mkono wa breki ya nyuma kabisa, kwa sababu breki yake imo ndani ya gurudumu na hushika ukikanyaga pedali kinyumenyume. Kabla hujatoa hela, bana kila mkono, tazama ni gurudumu gani linaloitika, na kama mkono mmoja unakosekana, jaribu kukanyaga nyuma.

Hofu ya kurushwa imewafanya watu wengi waing'oe breki ya mbele na kubaki na ya nyuma peke yake. Ni hesabu mbaya. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito unahamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. La nyuma linabaki jepesi na kuburuzika. Tumia zote mbili kwa pamoja, kwa kuongeza nguvu taratibu. Ukienda kilomita 20 kwa saa, unapita zaidi ya mita 5 kila sekunde, na kabla vidole havijabana, sekunde nzima inaweza kuwa imepita. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki inahitaji kukusimamisha unaongezeka mara nne. Na kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi la nyuma si breki, hata kama kijana anayeitumia anaongea kwa kujiamini sana.

Sasa pakia mzigo urudie jaribio. Tembea na baiskeli ukiishika, uteremke nayo mahali penye mwinamo mdogo, kisha bana. Ikikuvuta mikono, itakuvuta ukiwa juu yake pia. Kwenye miteremko mirefu ya Lushoto, Njombe au Bugarama ongeza tahadhari nyingine: breki inayobana rimu kwa muda mrefu huipasha moto, na rimu ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena. Ukihisi harufu ya raba, simama upumzike mpaka rimu ipoe.

Baiskeli zenye breki za sahani zinaongezeka mijini. Kwa hizo lililo muhimu ni moja: usiruhusu oili wala grisi iguse sahani au raba zake, hata tone. Breki iliyokunywa mafuta haishiki.

Tairi na kilichomo ndani yake

Tangu John Boyd Dunlop wa Belfast alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, kanuni haijabadilika: uzito wako haubebwi na mpira, unabebwa na upepo. Kila tairi limeandikwa ubavuni kiasi cha upepo linachostahili, kwa vipimo vya psi au bar. Bar moja ni karibu psi 14.5. Tairi jembamba la 28 la baiskeli za kazi huhitaji upepo wenye nguvu zaidi kuliko tairi nene lenye meno la baiskeli za gia, kwa hiyo usimwige jirani yako. Soma lililoandikwa kwenye tairi lako.

Wachache wana geji. Ipo njia ya kienyeji inayofaa. Mzigo ukiwa umefungwa nawe umekaa kwenye tandiko, mwombe mtu atazame tairi la nyuma pale linapogusa ardhi. Litatanuka kidogo, na hiyo ni kawaida. Likilala hadi rimu ikaribie ardhi, halina upepo wa kutosha, na jiwe la kwanza litaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo kwenye tyubu yako, usitafute mwiba. Tafuta pampu.

Mashine ya upepo ya kituo cha mafuta ina hatari yake. Imewekwa kwa ajili ya magari, na tairi la baiskeli ni dogo mno kwake. Sekunde chache zinatosha kulipasua. Jaza kwa kugusa na kuachia, au tumia pampu ya mkono.

Kwenye nyanda kavu kama Dodoma na Singida adui ni mbigili. Zungusha gurudumu polepole na utazame uso wote wa tairi. Mbigili iliyozama nusu ing'oe leo, kwa sababu ukiiacha itaendelea kuingia kila unapokwenda. Pancha ikishazibwa, kabla tyubu haijarudi ndani, pitisha kitambaa upande wa ndani wa tairi. Kitambaa kitanasa pale penye mwiba ulioachwa. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii, na ndiyo maana mteja hurudi jioni hiyohiyo na pancha mahali palepale.

Valvu za baiskeli za kazi zina kimpira kidogo kinachozuia upepo usirudi. Kimpira hicho huoza kwa joto. Tairi linalopungua kila usiku bila tundu lolote, weka mate kidogo juu ya valvu; yakitoa mapovu, badilisha kimpira. Ni kazi ya dakika moja.

Tairi kipara huteleza, lakini lenye kuogopesha zaidi ni lile lililochanika ubavuni au lenye uvimbe. Uvimbe ni tyubu inayotafuta njia ya kutoka. Najua wengi hushona tairi au kutia kipande cha tairi kuukuu ndani ili liendelee kufanya kazi, na sitajifanya kwamba kila mtu ana hela ya tairi jipya. Ila tairi la namna hiyo lisikae mbele kamwe. La nyuma likipasuka utayumba, na pengine utasimama salama. La mbele likipasuka, unaanguka. Na hata likikaa nyuma, lipunguzie mzigo.

Gurudumu, usukani na miguu ya chuma

Inua baiskeli upande mmoja na kuzungusha gurudumu hewani. Tazama nafasi iliyopo kati ya rimu na raba ya breki. Nafasi hiyo ikiwa inapanuka na kubana kwa kila mzunguko, rimu imepinda. Kupinda kwa milimita mbili tatu si msiba, fundi ataikaza spoku na kuinyoosha. Rimu inayogusa breki upande mmoja huku upande wa pili ikiwa mbali haifai kubeba mtu. Kisha shika gurudumu kwa juu, ulitikise kulia na kushoto. Likigonga, gololi zimeisha au koni zimelegea. Sikiliza pia linapozunguka: mlio wa kusagika ni mchanga uliochanganyika na grisi, na hapo gurudumu linataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi mpya. Baada ya masika, au baada ya kuvuka maji yaliyofika katikati ya gurudumu, lifungue hata kama halijalia.

Baiskeli nyingi za kazi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu uzito uko nyuma. Zibane mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu zima. Iliyolegea utaihisi mara moja, na iliyokatika itakuachia mkononi. Spoku hukatika zaidi nyuma, upande wa mnyororo, ambako zimekazwa kwa nguvu kubwa kuliko upande wa pili. Moja ikikatika, jirani zake hubeba sehemu yake na kuanza kuchoka. Kwa hiyo spoku moja ni safari ya kwa fundi leo, na mbili zilizo jirani ni mwisho wa kubeba mizigo mpaka zirudishwe. Walio Unguja, Pemba, Lamu au Pangani waongeze jambo lingine: chumvi ya bahari hula spoku pale zinapoingia kwenye rimu, mahali ambapo kutu haionekani mpaka uiname. Osha kwa maji baridi, kausha, pitisha kitambaa chenye oili.

Nati za magurudumu yote mawili zijaribu kwa spana mara moja kwa wiki. Baiskeli za gia za mitumba nyingi hazina nati bali kishikio cha kufungulia haraka. Kishikio hicho hakikazwi kwa kuzungushwa. Hufungwa kwa kulazwa, na kikilazwa sawasawa kiganja chako kibaki na alama yake. Kikilala kwa ulaini, gurudumu haliko salama.

Ukitoka hapo, bana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako na ujaribu kuuzungusha usukani. Usukani ukigeuka na gurudumu likabaki, kaza. Kisha bana breki ya mbele na uitikise baiskeli mbele na nyuma huku vidole vya mkono mmoja vimegusa kiungo cha chini ya usukani. Ukisikia kugonga hapo, kiungo kimelegea, na kila shimo la barabarani linakilegeza zaidi. Bomba la usukani na bomba la tandiko yote mawili yana alama inayoonyesha mwisho wa kuyainua. Ukiiona alama hiyo imetokeza nje, bomba limeinuliwa kupita kiasi na linaweza kuchomoka au kuvunjika.

Foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, itazame ukiwa pembeni. Baiskeli iliyogonga kitu uso kwa uso mara nyingi huwa na foku iliyorudi nyuma, na utaijua pia kwa sababu kidole cha mguu hugusa tairi unapokata kona. Fremu iliyochomelewa vizuri inaweza kuendelea kufanya kazi. Foku iliyochomelewa siikubali. Ikikatika, hakuna la pili la kukuzuia usipige uso chini.

Pedali zina siri ndogo inayowaponza wengi: ya kushoto hufungwa kinyume. Anayeikaza kama nati ya kawaida anailegeza, na akiikaza kwa nguvu zaidi anaharibu nyuzi za mkono wa pedali. Kwenye baiskeli za kazi, mikono ya pedali hushikwa na kotapini. Weka pedali zote mbili usawa wa ardhi, zikandamize kwa pamoja, kisha zungusha nusu mzunguko ukandamize tena. Mmoja ukishuka kidogo kabla ya mwingine, kotapini imelegea. Fundi mzuri huigonga kwanza kwa nyundo ikae sawasawa, ndipo anaikaza nati. Anayetegemea nati kuivuta atakuona tena wiki ijayo.

Mnyororo nitaupitia haraka kwa sababu mara chache huua mtu. Uwe na ulegevu wa sentimita moja hadi mbili katikati ukiuinua kwa kidole. Usiupake oili chafu ya gari. Imejaa vumbi la chuma na hukamata mchanga. Mafuta ya kupikia nayo yakikauka hugeuka gundi. Oili nyepesi safi, kisha kitambaa cha kufuta iliyozidi, basi. Mwenye rula apime: kila kipingili cha mnyororo ni nusu inchi, kwa hiyo vipingili 24 ni inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, nunua mnyororo mpya kabla haujala meno ya gurudumu.

Mzigo na abiria

Keria za baiskeli za mjini zinazoletwa kutoka nje mara nyingi zimepigwa chapa ya kilo 25. Mtu mzima ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na gunia la mahindi ni kilo 90 au 100. Mafundi wetu wanalijua hilo, ndiyo maana huchomelea vyuma vya ziada hadi kwenye ekseli. Tazama mahali vyuma hivyo vinapoungana na fremu. Ufa mdogo kwenye rangi, wenye mstari wa kutu, ni chuma kinachokatika.

Namna ya kupakia ina uzito sawa na kiasi cha mzigo. Mzigo ukae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na uwe chini kadiri inavyowezekana. Ukirudi nyuma ya ekseli, unanyanyua gurudumu la mbele na usukani unakuwa mwepesi wa kutisha. Jaribio lake ni rahisi: ukishapakia, inua usukani kwa mkono mmoja. Ukipanda bila taabu, sogeza mzigo mbele. Madumu yapangwe sawa kulia na kushoto, na lisijazwe moja huku jingine likiwa nusu, maana maji yanayocheza huvuta baiskeli upande wake.

Mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ndiyo kamba bora ya kufungia niijuayo. Lakini ncha zake zikining'inia huingia kwenye spoku na kuzuia gurudumu papo hapo. Zichomeke ndani. Vivyo hivyo upindo wa suruali, khanga ya abiria aliyekaa upande, na baibui. Mama anayepakiwa ana haki ya kuuliza kama kuna kinga ya spoku kabla hajakaa, na mwendeshaji asiyekuwa nayo amsaidie kukunja nguo vizuri kabla hajakanyaga pedali.

Miguu ya watoto nataka niitaje peke yake. Mtoto aliyepakiwa nyuma bila pa kukanyaga hutafuta pa kuweka mguu, na mahali panapopatikana ni kwenye spoku zinazozunguka. Majeraha yake ni mabaya, ngozi ya kisigino huchunwa na mifupa huvunjika. Vyuma viwili vya kukanyagia na kipande cha ubao au mpira kinachofunika spoku ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Kama havipo, mtoto asipande nyuma.

Na wale wanaojifunza wenyewe kwa baiskeli ya baba, wakipenyeza mguu chini ya bomba la juu kwa sababu hawalifikii tandiko, hatutawazuia wote. Angalau hakikisha baiskeli hiyo ina breki ambazo mkono mdogo unaweza kuzibana, na ncha za usukani zimezibwa kwa mpira. Bomba lililo wazi likimchoma mtoto tumboni anapoanguka, linaweza kumuumiza ndani bila jeraha kubwa kuonekana nje.

Kuonekana na kusikika

Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unataka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na uwezo wa kuwasha taa nyeupe au ya manjano mbele na nyekundu nyuma. Orodha ni fupi, na bado baiskeli nyingi tunazopishana nazo jioni hazina hata kimoja nyuma.

Tatizo kubwa kwa baiskeli za mizigo ni kwamba kiakisi kipo, ila kimefunikwa na gunia. Ukishapakia, nenda nyuma hatua ishirini, uinamie usawa wa dereva wa gari, na utazame. Usipokiona wewe, dereva wa lori hatakiona. Kihamishie chini kwenye madigadi, au funga kingine juu ya mzigo wenyewe. Taa za dainamo hufifia ukipunguza mwendo na kuzimika ukisimama, yaani hukuacha gizani wakati ule umesimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kona. Tochi ndogo ya betri iliyofungwa nyuma inaziba pengo hilo. Nguo nyeupe husaidia kidogo, lakini si badala ya taa.

Kofia ya kinga ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda yake ikutane chini ya masikio, na isiteleze ukitikisa kichwa. Ukiinunua mtumba, ifungue utazame sponji ngumu ya ndani. Yenye ufa imeshamlinda mtu mmoja na haina tena uwezo wa kumlinda wa pili.

Ukimaliza yote, panda uizunguke uwanja polepole, na mzigo wako, ukijaribu breki na kona kabla hujaingia barabarani. Mlio wowote ambao jana haukuwapo una sababu. Mweleze fundi unasikika lini: ukikanyaga, ukibana, au ukiteremka bila kukanyaga. Maelezo hayo yatamwokolea nusu ya kazi, nawe utaokoa hela.

Hela zikiwa za kutengeneza kitu kimoja tu mwezi huu, basi kitu hicho kiwe breki ya mbele. Tandiko lililochanika linavumilika, madigadi yanayopiga kelele yanavumilika, hata rangi iliyobabuka ina heshima yake. Na ukienda kuazima baiskeli, mwenyewe akakwambia kwa tabasamu kwamba breki inashika moja tu, mshukuru kwa ukweli wake na uende kwa miguu.